Maziwa Hayafiki Huko

Fundi mawe huyu walimwita Kifua, na si kwa upana wa mwili, maana mwili wenyewe ulikuwa mwembamba kama wa kuazima. Walimwita hivyo kwa sababu ukimpa jambo halitoki. Jirani alimwachia siri yake mwaka wa mafuriko, na mpaka leo hata mkewe Kifua haijui, ingawa alijaribu kila njia, kununa kukiwemo.

Kwa miaka ishirini na miwili yeye na mdogo wake walikata mawe ya meza za jikoni na ya vizingiti. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na grenda, mashine ya kukatia mawe, ikinguruma humo, kwa vumbi usingemwona mtu aliye hatua tatu mbele yako. Saa sita mchana walitoka weupe mpaka kope, wakanywa maziwa, pakiti moja kila mmoja. Fundi aliyewafundisha kazi aliwaambia maziwa hukokota vumbi la kifuani na kulishusha. Hilo wakalishika. La kufunika pua likawapita.

Kikohozi kikavu kilipofikisha miezi minane, na ngazi tatu za mlangoni kwake zikaanza kumshinda, Kifua alimuaga mkewe kwamba anakwenda kupima macho. Akaenda kupigwa picha ya mapafu.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye haraka zake. Akaiweka picha kwenye taa.

"Mzee, ukivuta pumzi, hewa inakwenda wapi?"

"Tumboni. Halafu inasambaa."

"Inasambaa! Kama umbea?"

Akachukua kalamu, akafuata njia juu ya picha. Puani, alisema, nywele na kamasi hukamata takataka kubwa. Zinazoponyoka huingia bomba la hewa, nalo lina vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyofagia kwenda juu kutwa kucha ili mtu akohoe, ateme. Bomba likagawanyika mara mbili, kila pafu na lake, yakawa matawi, yakawa vijitawi, mpaka kwenye vifuko vidogo mamilioni, vimesongamana kama povu la sabuni. Ukuta wa kifuko ni mwembamba kuliko karatasi yoyote, na nyuma yake inapita damu. Hapo damu inachukua hewa safi na kutoa iliyokwisha kazi.

"Huko ndiko unakoishi, mzee. Kwingine kote ni barabara tu."

Vumbi la mawe lilikuwa laini mno, fagio halikuliweza. Lilifika mpaka vifukoni likakaa, mwili ukapigana nalo, na kila palipopiganwa pakabaki kovu. Kovu halitanuki. Msuli wake wa chini ya mapafu ulikuwa bado unashuka vizuri kuvuta hewa, ila mapafu yenyewe hayakuufuata tena.

"Na maziwa?" Kifua akauliza.

"Maziwa gani?"

Alipomweleza, daktari aliweka kalamu chini, na haraka zake zote zikaisha.

"Kooni kuna njia mbili, mzee wangu. Ukimeza, ya hewa inafunikwa. Maziwa ya miaka yote hiyo yalikwenda tumboni. Hayafiki huko. Tone moja tu likipotea njia, unapaliwa."

Kifua akatazama viatu vyake.

"Makovu hayaondoki," daktari akaendelea. "Lakini vumbi uliache leo. Kuna mwingine unayefanya naye kazi?"

"Hakuna."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria.

Siku kumi na moja alikaa nje ya karakana akisingizia mgongo, akisikiliza grenda ikilia ndani.

"Mgongo huo unadekezwa kama bibi harusi!" mdogo wake alimtania kila alipotoka kujipangusa.

Siku ya kumi na moja mdogo mtu alitoka na pakiti mbili za maziwa mkononi, na kabla hajafungua kinywa kutania, akakohoa. Kikavu. Kifua alikijua kikohozi kile.

"Leo limenikamata, kaka. Ngoja nilishushe."

Kifua alimshika mkono, pakiti ikabonyea katikati yao.

"Halishuki," akasema. Akatua, akavuta hewa. "Maziwa hayafiki huko." Akatua tena. Akamsimulia yote, bomba, vifuko, makovu, kwa vipande vipande kama anapanda mlima.

"Umejua lini?"

"Jumatatu ya wiki ile nyingine."

"Siku zote hizo unanitazama naingia humo?"

"Niliona utafunga karakana. Mimi utaniweka kitandani kama mgonjwa."

"Siri za watu zitunze, kaka. Lakini hiki kifua ni changu mimi!"

Akaingia ndani, akazima mashine, akavuta mlango wa bati. Kesho yake naye akaenda kupigwa picha ya mapafu, Kifua akimfuata nyuma. Daktari aliwaonyesha madoa machache juu kulia, madogo kama vumbi la chaki. Yameanza, alisema. Akilikimbia vumbi sasa, huenda akazeeka nayo.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kupanda. Mdogo mtu, ambaye siku zote hutembea kama anayekimbiza gari, kila baada ya hatua ishirini alisimama, akavua kandambili, akaikung'uta.

"Kijiwe," akasema.

Mara ya tano Kifua alikuwa ameegemea ukuta, mabega yakipanda na kushuka, akingoja hewa imfikie.

"Hakijatoka tu?"

"Bado, kaka," mdogo wake akajibu bila kumtazama, akaendelea kuikung'uta kandambili tupu.