Niliandika mudogo wangu kati ya wafu, sasa jimbo linamunyima kiwanja

Admin, jina langu ulifunge ndani ya moyo wako. Hapa Bruxelles, Ubelgiji, sisi watu wa Kivu tunajuana mpaka kikohozi, wakitambua ni mimi sitakanyaga kanisani tena.

Niko mwanamuke wa miaka trente-neuf, karibu arobaini, mama wa watoto wawili. Nakaa Saint-Gilles, na kazi yangu ni kuogesha na kugeuza wagonjwa kule Jette. Nilizaliwa Kivu, kijiji cha kando ya ziwa. Wazazi walikufa zamani, tukabakia mimi na mudogo wangu wa kiume, nitamuita Déo. Mimi ndiye mama yake, mimi ndiye baba yake.

Mwaka jana mvua yenye upepo mukali ilipiga kijiji chetu. Mulima ukashuka na mito, nyumba zikakokotwa mpaka ziwani. Nikapiga simu ya Déo, haipite. Kesho yake, haipite. Siku ya tano, ni vile vile. Kazini nilikuwa nageuza wagonjwa huku machozi inanitoka, mpaka bibi mumoja muzungu akanishika mukono akaniuliza nani amekufa. Nilimujibu sijui.

Bon. Watu wa kijiji chetu walioko huku tuko na chama. Mukubwa wake ni muzee mumoja wa Etterbeek, wote tunamuita tonton, na mimi ni sekretari. Serikali ya jimbo ilituomba tusaidie kukusanya majina: wafu upande mumoja, waliopona upande mwingine, ili waliopona wapewe viwanja vipya mbali na mito, pamoja na mabati ya kuanzia. Majina yote ilipitia kwenye simu yangu. Ile liste niliiandika kwa mukono huu.

Siku ya sita vijana wa kule kijijini wakanitumia picha za maiti, kabla hawajazikwa wote ku shimo moja. Uso haukuonekana, matope tu. Lakini mumoja alikuwa amevaa koti ya bluu niliyonunua mimi mwenyewe ku soko ya Midi, zipu iliharibika nikaishonesha ingine nyekundu mbele ya kumutumia Déo. Nikapiga kelele, Mama yangu! Sikuuliza urefu, sikuuliza meno, sikuuliza kitu. Sisi wa huku tunatambua ndugu zetu kwa nguo tunazowatumia, huo ndio ujinga wetu. Nikaandika Déo kati ya wafu. Tukakaa kilio siku tatu ku salle ya kanisa, wamama wakaleta fufu na sombe, na liste ikaenda.

Siku ya kumi na moja simu ikalia. "Yaya, njo miye. Niko muzima."

Maji ilimutupa mbali, wavuvi wakamuvusha ku kisiwa, muguu umevunjika, simu imepotea. Nikamuuliza, na koti? Akasema, "Nilimuazima rafiki yangu ile siku, alikuwa anasikia baridi." Nililia, nikacheka, nikaimba mpaka jirani wa juu akagonga. Furaha ilinipumbaza kabisa. Liste sikuikumbuka hata kidogo.

Leo Déo, bibi yake wa ndoa na watoto wane wako chini ya hema. Alienda kujiandikisha na muguu wake wa kuchechemea. Agent wa jimbo akatafuta jina, akamuambia: "Papa, huku weye ulikufa. Muntu mwenye kufa hapewe parcelle, hana kiwanja." Watu wa mustari wakacheka. Shefu wa kijiji akamutetea, agent akajibu kwamba aliyeandika liste alete barua, akubali kosa, atie sinyatire. Barua moja tu, jameni!

Nikakimbia kwa tonton. Hakunigombeza, alinipa chai. Kisha akasema: "Maman, sikia. Kijiji jirani balikuta jina moja ya uongo ku liste yabo, bakaisimamisha yote. Mpaka leo bale batu banalala ku hema. Ukituma hiyo barua, familia soixante, sitini nzima, zinakosa viwanja juu ya koti. Alors, bibi ya Déo ajiandikishe mujane. Déo mwenyewe akae kimya kwanza."

Nikamupigia Déo kumuelezea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Yaya, unataka nikae mugeni ku nyumba ya mujane wangu? Na ule rafiki yangu, mama yake anamutafuta kila siku. Hayuko kati ya wafu, hayuko kati ya bale balipona. Nimuambie nini?"

Nilimuomba asimuambie ule mama kitu. Ndiyo, mimi mwenye kuimba ku korali, niliomba hivyo. Viwanja vinaanza kugawiwa mwisho wa mwezi huu. Barua nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeipasua. Nikituma, watoto wa zile familia soixante watanilaani. Nisipotuma, nitakuwa nimemuzika mudogo wangu mara ya pili, na hii mara kwa akili timamu.

Jana ule mama alinipigia simu mimi mwenyewe. Sijui nani alimupa namba. Sauti yake ilikuwa ya upole, hata hakulia. "Maman, banasema weye njo uliandika majina. Tazama vizuri, mutoto wangu hayuko mule?"

Nikasema ngoja. Nikajifanya natafuta. Nikamujibu hayuko. Akanishukuru, akaniombea baraka, akasema basi ataendelea kumungojea.

Mulioko hapa, wakubwa kwa wadogo, mwenye kutukana atukane, nastahili. Lakini baada ya kutukana muniambie: hiyo barua niitume ao niiache?