Kindi Niliyemnyima Mstari Wake

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu aibu yake imeshapoa kidogo, maana siku ile ningepata shimo ningeingia humo na yule kindi mwenyewe.

Tulikuwa wawili, mimi wa Karatu na Lemayani wa Malambo, tunagombea nafasi moja ya kuongoza watalii, na Mzee Bura, dereva wa siku nyingi, ndiye alikuwa anatupima. Basi tukashuka upande ule mkavu wa Ngorongoro kula chakula cha mchana, akatokea kindi wa ardhini, na mgeni wetu, bibi mmoja wa Kizungu mwenye darubini shingoni, akauliza ni yupi, maana wako wa aina mbili wanaofanana kama mtu na mdogo wake: mmoja ana mstari mweupe ubavuni, mwingine hana.

Nikatazama, mstari sikuuona. Ningesema "ngoja tumwangalie vizuri" yangeishia hapo, lakini (si mnamjua mtu anayetafuta kazi!) nikajibu haraka, "Huyu ni yule asiye na mstari!"

Lemayani akaninong'oneza, "Kaka, huyo ametoka kujigaragaza kwenye vumbi, subiri kwanza."

"Acha wivu," nikamwambia, tena kwa sauti. Vumbi gani? Sisi wa Karatu mtu akichafuka anaonekana, mwekundu hadi nyusi. Sikujua kuna vumbi la kijivu linalomkaa mnyama kama rangi yake. Nikazidi kuhubiri, nikamwambia bibi aandike kwenye daftari lake, nikapiga magoti na sare yangu mpya nimwonyeshe ubavu ulivyo mtupu, na yule kindi akajikung'uta mara moja tu, mstari huo hapo, mweupe kama chaki.

Bibi alicheka hadi akakaa chini. Mzee Bura hakucheka, nikajua kazi imekwenda.

Lemayani angenyamaza tu, nafasi ingekuwa yake bila jasho. Badala yake akamgeukia bibi: "Wasio na mstari wapo kweli, kwetu Malambo nimekua nikiwaona. Mwenzangu anawajua wote wawili, ila leo vumbi limemzidi ujanja." Nilitamani kulia, kweli tena.

Kazi akapata yeye, na alistahili. Wiki haijaisha akanipigia simu: "Kaka, Mzee anataka mtu wa pili, nimekutaja wewe." Nikaanza kumwomba msamaha huku machozi yananitoka, akanikatisha, akasema niache maneno nikafue sare.

Namshukuru hadi leo. Na nimeapa: mbele ya mgeni neno "sijui" nalitamka mapema, na mwenzangu akininong'oneza, nafunga mdomo nasikiliza.