Siki Niliyoihifadhi kwa Jirani Yangu wa Ujiji

Admin, naomba unifiche jina, maana Ujiji tunajuana hadi kwa kukohoa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto watatu, na kazi yangu ni kununua dagaa ufukweni Kibirizi na kuwasafirisha mikoani. Mume wangu ni mzee wa kanisa, na kanisani kwetu pombe haiguswi. Haya ninayoandika sijamwambia mtu yeyote.

Miaka mitatu iliyopita nilipeleka mzigo Dodoma. Mteja wangu, mama wa heshima zake, alinikaribisha chakula akanimiminia mvinyo mweupe wa baridi. Sitajifanya nilidhani ni juisi. Nilijua, nikanywa, na niliupenda mno. Haukunilewesha, ila ule uchovu wa safari uliniisha mwili mzima, nikaomba niongezewe. Niliporudi Kigoma nikautafuta uleule, nikakuta bei imepanda utadhani chupa ililala hotelini njia nzima. Ya nje ya nchi ndiyo usiseme. Mwenye duka alinicheka. "Dada, hapo unalipia ushuru, stempu, lori na pango langu. Mvinyo wenyewe ni kidogo tu." Nikaondoka mikono mitupu.

Sasa kuna mama mmoja Mrundi anayeleta bidhaa kwa boti kupitia Kagunga, kule mpakani. Siku moja akanionyesha chupa ya mvinyo mweupe yenye maandishi ya Kifaransa, bei karibu nusu ya dukani. Nikamuuliza kama ni ya wizi.

"Oya, mama," akakana kwa Kirundi. "Kwetu hii ni ghali, mimi mwenyewe siiwezi. Ila faranga yetu imeshuka, shilingi yako ikifika kule inakuwa kubwa. Na forodhani sikupita."

Kwa hiyo nilielewa vizuri kabisa. Unafuu wangu ulitokana na shida ya wenzangu wa ng'ambo na ushuru uliokwepwa, na bado nilinunua. Tangu hapo akija ananiletea.

Tabu ikawa pa kuuficha. Friji letu liko sebuleni, na waumini wakija kwa ibada ya nyumbani ndimo wanamochukua maji. Nikamwendea jirani yangu, nitamwita Mama Sharifa. Ni Mwislamu wa swala tano, mjane, na kwangu ni zaidi ya ndugu, maana mtoto wangu wa mwisho alipougua ni yeye aliyekesha naye. Nikamwambia hii ni siki ya zabibu kutoka Burundi, nimeelekezwa ninywe kwa ajili ya tumbo, inatakiwa ikae kwenye baridi. Mtaani kwetu Kifaransa hakisomwi. Akaipangia sehemu mlangoni mwa friji lake, pembeni ya maziwa.

Basi nikawa kila alasiri naenda na kikombe changu chenye kifuniko. Yeye ananihurumia. "Siki kikombe kizima? Pole mwenzangu, tumbo hilo litakumaliza." Nami nakunja uso kama mgonjwa. Nikifika nyumbani nacheka peke yangu. Ndiyo, nilikuwa nacheka.

Mwezi uliopita alifanya hitima ya kumrehemu mumewe. Nilichelewa kidogo kwenda kusaidia jikoni. Nilipofika nikaikuta chupa yangu tupu kwenye karo, na mbele yake beseni la kachumbari likiwa limeshachanganywa. Akanishika mkono. "Shoga, nisamehe. Ndimu hazikutosha, nimetumia siki yako bila idhini. Nitakutafutia nyingine."

Kachumbari ilikuwa bado haijatoka. Naomba mlisome hilo taratibu, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Ningeweza kulipindua beseni nikasingizia utelezi. Ningeweza kusema ile siki imeharibika. Uongo mmoja tu, nami niliyekuwa bingwa wa uongo, ungetosha. Lakini mume wangu alikuwa ameketi barazani na wageni, na niliogopa kelele, niliogopa kuulizwa. Nikasema, "Usijali, Mama Sharifa." Nikabeba upande mmoja wa beseni, yeye upande wa pili, tukalitoa.

Walikula. Shehe aliyesoma dua aliongeza mara mbili, akasifu. Mama Sharifa alifurahi hadi akafuta machozi, akasema laiti marehemu angekuwepo aionje.

Tangu siku hiyo sijagusa mvinyo, lakini najua kuacha si kutubu. Kila tukionana ananiomba radhi tena kwa siki yangu. Jana amekuja amefurahi. Amedunduliza, na kesho asubuhi anataka tufuatane Kibirizi na ile chupa tupu aliyoitunza, tuwaonyeshe Warundi wa kwenye boti tuulize siki kama hiyo inauzwa wapi. Anataka mbili, moja yangu, nyingine ya harusi ya binti yake. Na Warundi Kifaransa wanakisoma.

Nikisema naumwa, ataenda mwenyewe, na ataambiwa mbele za watu kwamba amebeba chupa ya pombe. Nikimwambia usiku huu, nitamharibia dua ya mumewe, na sidhani kama nitaingia tena nyumbani kwake. Wengine mtasema asiyejua hana dhambi, nimnunulie siki ya kweli ninyamaze. Nimejiambia hivyo mwezi mzima.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Zaidi nawauliza nyie wanawake wa Kiislamu mlio humu. Tukaneni mkitaka, nastahili. Ila mnijibu hili moja: ingekuwa ni hitima ya mume wako, ungetaka kuambiwa?