Rangi Nyekundu Kwenye Ukuta wa Mama

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana.

Nilimzuia mama yangu mzazi asiuze nyumba yake. Sikumwambia usoni kwamba sitaki. Ningemwambia usoni, leo nisingekuwa nakuandikia wewe nisiyekujua. Nilimzuia kwa kopo la rangi na brashi, halafu nikamwacha mtu mwingine abebe lawama.

Nyumba yenyewe iko Kawe. Ni ghorofa aliyoijenga marehemu baba enzi biashara yake ya mbao imechangamka, akaijaza vyumba utadhani tungezaana humo kijiji kizima. Sisi watoto tukaondoka mmoja mmoja, baba naye akafariki, mama akabaki na ngazi, korido na milango isiyofunguliwa.

Na nyumba kubwa inakula jamani! Ambao hamjawahi kuwa nayo mnaona madirisha tu. Upepo wa bahari unatafuna mabati na grili. Leo pampu ya maji imekufa, kesho shimo la choo limejaa, keshokutwa dari linavuja. Halafu kuna michango ya mtaa ya ulinzi, taka na barabara, ambayo wanakukadiria kwa ukubwa wa nyumba bila kuuliza ukubwa wa pochi. Mama ni mwalimu mstaafu. Pensheni yake ilikuwa haipumziki hata siku moja mkononi. Akamwachisha kazi mlinzi, akaifunga ghorofa ya juu, akawa anaishi chumba kimoja na jiko.

Aliyekuwa anamsaidia ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, anayekaa Ubungo. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na yeye ndiye aliyekuwa anapanda juu kusafisha gata, ile mifereji ya maji ya bati, na kukagua tenki. Hata nauli haombi. Anamaliza kazi, anakunywa chai, anataniana na shemeji yake mpaka mama anacheka kwa sauti, anaondoka.

Siku moja mama akatuita kikao. Ndugu zangu walioko mikoani walikuwa kwenye simu, mimi na baba mdogo tumekaa sebuleni.

"Nimechoka kuitumikia nyumba," mama akasema. "Nataka kanyumba kadogo huko Mbezi, kasiko na ngazi, nilime mchicha wangu. Chenji itakayobaki mtagawana nikiwa hai, nione mnavyogombana."

Tulicheka. Baba mdogo alishauri tusiharakishe, tusije tukauza kwa bei ya kutupa, lakini mwisho akasema akipatikana mnunuzi wa maana atasaini. Wote tukakubali. Mimi niliinua mkono kabisa, nikasema mama apumzike sasa.

Mnafiki mkubwa!

Ngoja nikuambie kilichokuwa moyoni. Mimi ni karani kwenye ofisi moja Kinondoni, na nimepanga vyumba viwili Tandika. Ofisini hakuna aliyekuwa anajua hilo. Wote walikuwa wanajua nakaa Kawe, kwenye ghorofa. Haukuwa uongo mmoja, ulikuwa uongo mdogo mdogo wa miaka. Zamu yangu ya kukutanisha kikoba chetu cha ofisini ikifika, nilikuwa nawakaribisha kwa mama. Tulipomfanyia mwenzetu kitchen party, kule kule. Wenzangu walipomkuta mama jikoni anageuza pilau, niliwaambia, "Huyu mama yangu, anakaa na mimi."

Mama alisikia. Aliniangalia mara moja, akaendelea kugeuza pilau. Hakuwahi kuniuliza.

Basi nyumba ikiuzwa, mimi ningekuwa nani? Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Watu wazima wanakosa usingizi kwa kuwaza ada za watoto, mimi nawaza geti la kuwaonyesha watu.

Mnunuzi akapatikana. Mke na mume, watu wapole, wanataka pa kuanzishia shule ya chekechea. Mama aliwapenda. Alinipigia simu kunieleza jinsi yule mke alivyosimama uani akipima kwa macho pa kuweka bembea. Wakaahidi kurudi Jumapili na wazazi wao, waione nyumba kwa pamoja, kisha waende kwa mwanasheria.

Jumamosi mama alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Ufunguo wa geti ninao. Lakini sikuuhitaji, maana kazi yangu ilikuwa nje, kwenye ukuta unaotazama barabara. Unajua yale maandishi tunayoyaona kila mtaa hapa Dar. Mwenye nyumba akiogopa matapeli wasije wakamuuzia mtu nyumba yake, anaandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Na unajua pia mnunuzi mwenye akili akiyaona anafanya nini. Anajua hapo kuna ugomvi wa familia, anatafuta pengine.

Nikaandika: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI.

Mchana kweupe! Hakuna aliyenishangaa. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo, akaniambia, "Safi sana sista, matapeli wamezidi siku hizi." Nikamshukuru. Nilimaliza, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa, nikapanda bajaji.

Jumapili nikasugua tena kwa mafuta ya taa rangi iliyoganda kwenye kucha, kisha nikaenda kwa mama kama kawaida, tena nimebeba matunda. Nilimkuta amesimama nje, mikono kiunoni, anausoma ukuta kama mwalimu anayesahihisha insha mbaya. Alikuwa ameyaona tangu jana, amejaribu kuyafuta kwa sabuni na dodoki, yamegoma. Tukiwa hapo hapo gari la wale wanunuzi likaja, likapunguza mwendo, likasimama. Hakuna aliyeshuka. Yule mke alimpungia mama mkono, gari likageuza.

Dalali akapiga simu baadaye. Alikuwa na adabu, akasema tu kwamba wateja wake ni watu wa amani na hawataki kununua kesi.

Mama akaiweka simu mezani. Kisha akasema, "Ni shemeji. Si ndiye aliyekuwa anasema tusiharakishe?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Sentensi moja tu! Badala yake nilienda jikoni kukata matunda. Mama akampigia baba mdogo na kuweka sauti kubwa ili nisikie na mimi.

"Shemeji, mie?" baba mdogo akasema. "Mie nikuchafulie ukuta? Niliukandika mwenyewe ukuta huo na kaka."

"Ulikubali mbele ya watu, nyuma unanifanyia hivi. Mimi ni mjane, sina wa kupigana naye. Usikanyage tena hapa."

Akakata simu. Nikampa embe. Akanusa hewani, akaniuliza mbona nanuka mafuta ya taa. Nikamwambia gesi imeniishia, napikia jiko la utambi. Akanihurumia! Siku ile ile aliyopoteza mnunuzi, akanipa pesa ya gesi, na mimi nikaipokea.

Baba mdogo hakukanyaga tena. Nikamwambia mama asijali, nitamletea fundi wa kuangalia gata. Nilisema hivyo mara nyingi. Fundi nilikuwa naye, namba yake ninayo, ila kila nikitaka kumpigia nilikuwa nauona ule ukuta, naahirisha. Hata kwenda Kawe nikapunguza. Mama alikuwa amewalipa watu wakapaka nyeupe juu ya ile nyekundu, na mvua ya kwanza ilipopiga, nyekundu ikajitokeza tena, nyepesi, lakini inasomeka.

Mvua hizo hizo ndizo zilizojaza majani kwenye gata. Maji yakarudi ndani, yakatuama ghorofa ya juu, yakaanza kudondoka mpaka kitandani kwake chini. Mama alinipigia nikiwa kazini, nikamwambia namtuma fundi leo leo. Sikumtuma. Akasubiri mpaka jioni, kisha akatoa ngazi stoo, akapanda mwenyewe.

Jirani ndiye aliyemsikia akiita. Mama alikuwa ameanguka, amevunjika nyonga.

Sitaki kukueleza habari za hospitali. Nitakueleza neno moja tu alilosema akiwa amelala pale, anaangalia dari. "Aliyeandika ule ukuta, wala sitaki kumjua jina. Nataka kujua tu kama alikuwa anajua naishi mle peke yangu."

Nilikuwa najua, mama.

Daktari alisema ngazi basi. Kawe hawezi kurudi peke yake, kwa hiyo nimemleta kwangu Tandika. Amelala chumba cha ndani, mimi nalala sebuleni. Wenzangu wa ofisini walikuja kumpa pole. Nilikwenda kuwapokea stendi, nikawapitisha kwenye uchochoro wetu, tukaruka mtaro, nikawafungulia mlango. Walikaa kwenye kitanda changu maana viti havikutosha, wakanywa soda. Aibu niliyoiharibia familia ili niikwepe ilinipata vile vile, na wala haikuuma nilivyodhani. Aliyekuwa ananiuma alikuwa chumba cha ndani, anajaribu kugeuka kitandani.

Niliwahi kuwaambia mama anakaa na mimi. Sasa anakaa na mimi kweli.

Na nyumba bado inakula. Haina mtu lakini michango inadaiwa, grili zinazidi kuoza. Wiki chache zilizopita amejitokeza mnunuzi mwingine, hajali maandishi ilimradi msimamizi wa mirathi asaini. Tukamwendea baba mdogo Ubungo, mimi na dalali. Alitukaribisha vizuri, akatupa maji. Kuhusu kusaini akasema hapana.

"Nimeitwa mnafiki kwenye nyumba ya kaka yangu," akasema. "Aliyeandika ajitokeze kwanza, shemeji amsikie. Baada ya hapo nitasaini hata usiku."

Alikuwa ananitazama mimi. Sijui kama anajua. Tangu siku hiyo sikai nikatulia. Naosha vyombo vilivyo safi, nafungua simu nafunga, nasikia mama akikohoa nashtuka kama nimeitwa.

Ndugu msomaji, kama mzazi wako anasema nyumba imemshinda, muamini. Usimwambie habari za kumbukumbu za marehemu na heshima ya ukoo. Muulize nani anapanda kwenye bati. Kama si wewe, basi nyamaza aiuze. Na kama una kinyongo na uamuzi wa wenzako, kiseme kikaoni mkono ukiwa chini. Usiuinue mkono halafu ukaenda kununua rangi.

Imebaki moja. Ukurasa huu wa watu kuungama makosa yao mama anaupenda kupita kurasa zote za gazeti. Macho yake siku hizi hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo kila Jumamosi mimi ndiye ninayemsomea, na kila tukimaliza anasonya na kusema neno lile lile: "Sasa huyu anatuambia sisi ya nini? Si angemwambia aliyemkosea."

Nimemwomba baba mdogo aje Jumamosi anywe chai kwetu. Amekubali, kwa shingo upande. Nitamweka mama kwenye kiti chake karibu na dirisha, baba mdogo pembeni yake, nifungue ukurasa huu. Nitawasomea kuanzia neno la kwanza, na nikifika kwenye kopo la rangi sitaruka mstari.