Siku Tuliyounga Mkono Kufutwa kwa Kifungu cha Sita

Kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza watu. Serikali ikitaka kutunga sheria lazima iwaulize wananchi, na wananchi wa Kakamega hawajui kujibu kwa ufupi. Kwa hiyo kamati moja ya mji iliniajiri kwa mkataba, niwe ninahudhuria kila kikao cha maoni, nitafsiri Kiluhya kwa Kiswahili na Kiswahili kwa Kiluhya, kisha niandike muhtasari wa yaliyosemwa. Nimezeekea kwenye viti vya plastiki vya kumbi za makanisa. Sijuti. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyopenda baadhi ya jamaa zangu.

Basi ikaja sheria ya akili mnemba. Sheria nzuri, haki ya Mungu! Ilisema kompyuta zisiachiwe kuwaonea wafanyakazi wa mji huu. Ilisema sauti ya mtu isirekodiwe kabla hajakubali. Na katika kifungu cha sita ilisema hakuna mfanyakazi atakayeondolewa kazini kwa uamuzi wa mashine kabla hajasikizwa na mtu. Hicho cha sita nilikisoma nikakirudia, maana fununu zilikuwa zimeshanifikia kwamba mfumo mpya wa kompyuta wa ofisini umependekeza mkataba wangu usiongezwe. Kifungu kikipita, mwenyekiti wa kamati angelazimika kuniita na kunisikiza kwanza. Kisipopita, nitafute kibanda cha kuuzia mandazi, na mandazi yangu mimi hata mume wangu huyala kwa kunihurumia.

Siku ya kikao nilifika roho juu juu, nikakuta kiti changu kimekaliwa na mashine. Siongezi chumvi. Kisanduku cheusi kiliwekwa pale pale ninapoketi siku zote, waya zimening'inia, na kando yake bwana mmoja wa tai, afisa wa mitambo.

"Madam, leo wewe pumzika," akaniambia. "Hii itasikiliza, itaandika, na itatoa muhtasari yenyewe."

"Kikao cha kutulinda na mashine kinaandikwa na mashine?"

"Si ndiyo pahali pazuri pa kuijaribu?" akasema, wala hakucheka.

Nikamuuliza kama watu wameombwa ruhusa ya kurekodiwa. Akasema mchungaji atafungua kwa sala, na katika sala ataitaja mashine, kwa hiyo atakayesema amina atakuwa amekubali. Wacha we! Sala ilipoisha ukumbi mzima ulisema amina, na mimi nilisema pia, kwa sababu ni nani anayenyamaza wakati wa amina?

Mwenyekiti wetu ni mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alisimama akaeleza kwamba wenye biashara kubwa mjini wameleta pendekezo. Wanasema kifungu cha sita kitachelewesha kazi, wanataka kifutwe. "Sasa ninyi wananchi," akasema, "mnaunga mkono kifutwe, ama mnapinga?"

Hapa lazima nieleze tabia zetu, maana mgeni hawezi kuzijua. Kwetu mtu hakatai kavu kavu. Ukitaka kukataa unasimama, unasalimia, unashukuru waliokuja, unaunga mkono pendekezo, unamuunga mkono aliyekutangulia, unasema huna mengi, halafu ndipo unafika kwenye "ila tu", na baada ya "ila tu" unaweza kumwaga moto. Watu wote ukumbini wanajua maoni yanaanzia hapo. Miaka yote hiyo nilikuwa ninalaza kalamu mezani hadi niisikie hiyo "ila tu".

Akasimama mwendesha boda boda aliyefungiwa na programu ya simu asipate wateja, bila kuambiwa kosa lake. "Mimi kwanza nawasalimu. Nashukuru kamati kwa kutukumbuka. Mimi naunga mkono hili pendekezo mia kwa mia, sina shida na mtu. Ila tu hiyo simu ilinifungia asubuhi moja nikiwa na abiria mgongoni, na mpaka leo sijapata binadamu wa kuuliza. Mtoto analala njaa kwa sababu ya kitu ambacho hakina hata masikio! Hicho kifungu kikae. Asanteni." Akafuata mzee mmoja kutoka Mautuma, mkulima, ambaye mfumo wa kompyuta wa kugawa mbolea ulikuwa umemwambia kwamba yeye ni marehemu. Yeye alishukuru hata waliopanga viti. Akaunga mkono pendekezo, akamuunga mkono wa boda boda, kisha akafoka mpaka kofia ikaanguka.

Nami nikapiga moyo konde nikainua mkono. Nilitaka kusema wazi. Nilitaka kusema, mwenyekiti, mimi ni mmoja wa hao wanaofutwa na mashine, na nina haki ya kutazamwa usoni. Lakini pale mbele palikuwa na mchungaji wangu na shemeji yangu mkubwa, na mimi ni mwanamke niliyelelewa. "Mulembe nyote," nikasalimia. "Nashukuru mama mwenyekiti. Naunga mkono pendekezo, na wote walionitangulia." Ndipo nikafika kwenye "ila tu" yangu, nikayasema yote. Watu waliguna kwa huruma. Niliketi nikiwa na furaha kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Afisa akabonyeza kitu, muhtasari ukatokea ukutani kwa Kiingereza safi. Akausoma haraka haraka, watu wakapiga makofi, kwa kuwa ripoti ikisomwa hupigiwa makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeelewa.

Mzee wa Mautuma akauliza hayo maandishi yanasema nini. Mashine ilikuwa imesikiliza Kiswahili chetu, lakini Kiluhya ilikuwa haikijui. Afisa alisema bado inajifunza, kutokana na rekodi za vikao vya zamani. Yaani kutokana na mimi. Mwenyekiti akanigeukia: "Dada yangu, hebu wasomee kwa lugha yetu."

Nikasimama. Ningeweza kuchakachua, nani angejua? Lakini tangu nianze kazi ile sijawahi kumtia mtu maneno mdomoni, na sikutaka mashine iwe ndiyo ya kwanza kutiwa. Nikawasomea yalivyo: kwamba wote waliozungumza, bila kumbakisha hata mmoja, wanaunga mkono kifungu cha sita kifutwe.

Jamani! Ukumbi ulisimama mzima. "Tawe! Tawe!" Hapana, hapana, kwa Kiluhya, kavu kavu, bila salamu, bila shukrani, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia Kakamega tangu nizaliwe. Wanawake wakapanda juu ya viti. Mchungaji wangu alikuwa anapiga meza kwa Biblia. Wa boda boda alikuwa amevaa helmeti, sijui ya nini. Nililia, na sikujificha. Nikawaza, sasa mambo yamekwisha, hapa hata jiwe limesikia.

Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini. Mwenyekiti alikuwa na ripoti ya mashine iliyokamilika mbele yake, akanigeuzia nisome mwisho wake. Ilikuwa imeandikwa kwamba baada ya muhtasari kutafsiriwa, wananchi walisimama wote na kikao kikafungwa kwa shangwe kubwa.

"Lakini mama, wewe ulikuwepo," nikamwambia.

"Nilikuwepo."

"Uliwasikia."

"Niliwasikia, dada yangu. Masikio yaliniuma siku mbili." Akashusha pumzi. "Sasa nifanye nini? Ripoti imeshakwenda juu, na huko juu wanaamini ripoti. Nikisema mimi nilisikia vingine, wataniuliza mimi nani."

Chini ya ripoti kulikuwa na barua yangu, ya kusema mkataba hauongezwi. Ilikosa sahihi yake tu. Basi nikasema yote. Nikamweleza miaka yangu, kumbi nilizokaa, wazee waliokuwa wakiniomba nisiwageuzie maneno. Sikumshukuru, sikumuunga mkono, nilianza katikati na nikaishia katikati. Hakunikatiza hata mara moja. Aliniangalia machoni, akanishika mkono, na machozi yakamlengalenga kweli kweli.

"Nimekusikia," akaniambia. "Wallahi nimekusikia."

Halafu akachukua kalamu, akatia sahihi.