Barabara Aliyoijua Baba

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, tukiwa mezani. Baba alishika birika akamimina chai nje ya kikombe. Mama akasogeza kikombe polepole mpaka chai ikaingia. Mimi nikapangusa meza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tulificha ya mtu mwingine.

Baba alikuwa ameendesha trekta ya chai huko Kericho miaka mingi, sasa amestaafu na pikapu yake. Macho yalikuwa yameisha. Alikuwa anaendesha kwa kukumbuka tu, kona hapa, daraja pale. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka majani ya chai yetu kituoni kuuza. Nikajaribu.

"Baba, leo wacha mimi nishike usukani."

Kaka yangu Kipkorir akacheka. "Wewe umeendesha nini zaidi ya wilbaro? Mzee anajua hii barabara hata akifunga macho."

"Pandeni," mama akasema. "Majani yananyauka."

Kipkorir akakaa mbele na baba. Mimi na mama tukakaa nyuma juu ya magunia. Sasa, wiki hiyo walikuwa wameweka bampu mpya, tuta la kupunguza mwendo, pale chini ya mteremko. Kipkorir aliiona jana yake akitoka Bomet. Hakumwambia baba, eti utamwambiaje mzee kitu iko mbele yake? Baba akateremka na mwendo wake wa kila siku. Mazoea yana taabu. Gari iliruka ikatutupa chini. Mimi nilivunjika nyonga, mpaka leo nachechemea. Mama alikata roho kabla tufike hospitali ya Longisa.

Baba alisimama barabarani akauliza, "Nani aliweka hiyo kitu hapo?" Aliuliza hivyo mpaka na yeye tukamzika.

Namlaumu. Namlaumu Kipkorir pia, na yeye anajua, nimemwambia. Lakini mimi ndiye nilijua mapema, nikaita uoga wangu heshima.

Leo nina miaka hamsini na sita, na taa za lori zikinijia sioni kitu. Nimeenda kupimwa macho. Ukungu ukishuka kwa majani chai, naegesha gari pembeni. Siku msichana wangu Chelangat ataniambia, "Baba, leta funguo," nitanuna, lakini nitampa.

Na wewe mwanangu, ingawa si mimi niliyekuzaa, ukizeeka usingoje kuambiwa. Baba yako akiwa haoni, mwambie leo, hata akikufukuza bomani. Aliyefukuzwa hurudi. Mungu akupe miaka mingi, na akupe watu wasiokuogopa.