Simu Chini ya Boneti

Wanawake wa kanisani kwetu Kitengela walikuwa wakiiita ile gari ya mume wangu mke mwenza wangu, na mimi nilikuwa nacheka nao, kwa sababu ukinuna ndio watu wanakuandama zaidi. Lakini haki ya Mungu, kuna siku nilitamani kuitia kiberiti.

Mume wangu aliileta nyumbani mwishoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa gari kubwa nyeupe ya dizeli, mtumba wa Japani, na gurudumu la akiba limefungwa mgongoni. Tulikaa nayo mpaka watoto wetu wawili wakaizidi kimo, na hata leo gari ya aina ile ikikohoa mahali popote naweza kukuambia inaumwa nini. Wakati huo yeye alikuwa daktari wa mifugo wa serikali pale Kajiado, nami nafundisha shule ya msingi Kitengela. Sisi sote ni watu wa magharibi mwa nchi. Kazi ndiyo ilituleta huku, tukanunua ploti upande wa chini, kwenye udongo mweusi, wakati nyumbu walikuwa bado wanapita mbele ya mlango bila kubisha hodi.

Mimi nilitaka kwanza tuweke dari. Yeye akaleta gari. Nikaapa sitaipenda. Halafu mvua ikanyesha wiki nzima, barabara yetu ikawa uji, na ile gari ikatoka uani ikinguruma polepole kama haijaona kitu. Ikavuta pikapu ya muuza maziwa. Ikarudi ikamvuta mchungaji, aliyekuwa amekwama na suti yake ya harusi ya watu. Niliposimama mlangoni na mwiko mkononi, mume wangu alinipungia mkono kutoka dirishani, meno yote nje. Nilirudi jikoni nikamwongezea nyama.

Lakini asubuhi! Asubuhi za nyumba ile zilikuwa za gari. Anageuza ufunguo nusu, anangoja ile taa ya manjano ya hita ya injini izime, ndipo anawasha. Akishawasha, usidhani mnaondoka. Anafungua boneti, anainamisha kichwa, anafumba macho. Huyu ni mtu ambaye kazini alikuwa anaweka sikio kwenye ubavu wa ng'ombe na kujua kinachomsumbua, sasa akaona injini nayo ni ng'ombe.

"Mama, njoo usikie," ataniita, uji wangu uko karibu kufurika.

"Nisikie nini?"

"Sikia vile imetulia leo."

Mimi nilikuwa nasikia kelele tu. Watoto wako kiti cha nyuma na sweta zao za shule, wanatazama saa kisha wananitazama mimi. Na nikipata homa mimi mwenyewe? "Umekunywa dawa?" ataniuliza. Basi, kliniki imefungwa.

Sitasema uongo, tuliifaidi. Tulienda nayo Entarara kununua maharagwe na vitunguu, tukirudi inanukia vitunguu mpaka Jumapili. Krismasi tuliijaza watu na kuku tukapanda nayo hadi nyumbani magharibi, na mama mkwe wangu alipoiona ikiingia boma alipiga vigelegele vya mtu anayepokea bibi harusi. Nilimwambia mume wangu, "Unaona? Hata mama yako amemkubali." Alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akahamishwa. Kaskazini, kule lami inakoishia, halafu mbele tena. Walimwambia ni miaka miwili. Gari alikataa kwenda nayo, akasema zile barabara zitaiua, kwa hivyo akaniachia mimi. Nami leseni niliipatia kwenye kagari kadogo ka shule ya udereva, kale kanakozima ukipiga chafya. Siku ya kuondoka nilimpeleka stendi, nikamshika mkono, nikangoja maneno. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Ukifika mahali usizime ghafla. Iache ingurume kidogo, turbo ipoe."

Ala! Mume anaenda mwisho wa nchi, na hiyo ndiyo kwaheri. Niliendesha kurudi nyumbani nikilia na kumkaripia kwa lugha ya mama, peke yangu, na nilipofika niliiacha ingurume kidogo ipoe.

Nilitaka arudi. Sina haja ya kuzungusha maneno. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu wa kungoja ile miaka miwili iishe, na kila kitu kingine, shule, watoto, kanisa, nilikifanya huku nangoja.

Simu za mkononi zilikuwa zimeingia. Kila Jumamosi mchana alikuwa anapanda kilima fulani chenye mtandao na kunipigia. Anasalimia, anauliza watoto, halafu sauti inabadilika, inakuwa laini.

"Iko wapi? Hebu iwashe."

Nawasha, nafungua boneti, naingiza simu huko ndani.

"Sogeza kushoto. Si hapo. Chini kidogo, karibu na mkanda. Hapo! Shika hapo."

Nami nimeinama na nguo yangu safi, upepo wa Kitengela unanitupia vumbi machoni, mkono uko karibu na feni, nikiomba nisirudi na vidole pungufu. Akishasikia ananiambia mkanda umelegea, au chujio la hewa limejaa vumbi, na kweli nikimpelekea fundi anakuta ni hivyo. Sijui alikuwa anasikiaje kwa kasimu kale. Nilikasirika na nikajivunia, yote mawili.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa, alinikuta siku moja katika hali hiyo.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikaitikia kwa lugha yake, kichwa kiko ndani.

"Unaongea na nani humo?"

"Na mzee."

Akaweka mtungi chini. Akaiangalia gari, akaniangalia. "Huyu ni mke mwenza kweli," akasema. "Lakini wangu mimi angalau hukamua ng'ombe."

Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka, ikaangukia betri. Nilipoiokota nikamwambia mume wangu kile jirani amesema. Akacheka kidogo, kwa heshima. Halafu akauliza, "Na ule mlio wa mkanda umeisha?"

Basi mwaka wa kwanza haujaisha, gari ikaugua kweli. Nilikuwa natoka Kajiado, nikakaribia Isinya, mshale wa joto ukapanda na moshi mweupe ukatoka nyuma wa kutosha kuficha kijiji. Nilivutwa hadi nyumbani na lori. Jumamosi nikamsimulia, nikaiwasha kidogo tu asikie. Akajibu kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Zima. Usiiwashe tena. Ni gasketi ya injini imeungua. Nakuja."

Na akaja! Alikuja juu ya lori la ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kope. Aliniambia "Pole, mama," akaipita sahani ya chakula, akaenda moja kwa moja uani kuona mgonjwa. Nikamwacha. Lakini alikaa majuma mawili. Mchana yeye na fundi wanafungua na kufunga, na jioni ananawa mikono kwa sabuni ya unga, anakula ugali wangu na kuku, watoto wamemparamia kila upande. Usiku alikoroma. Hamjui raha ya kusikia mtu wako akikoroma. Nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu aondoke, nikasema moyoni, asante gasketi.

Kabla hajaondoka alinifundisha. Mimi ni mwalimu, nikikaa upande wa mwanafunzi sichezi. Nilijua kubadilisha oili, kumwaga maji yanayokusanyika kwenye chujio la dizeli, kukaza mkanda. Ndipo siku moja mbele ya Isinya dizeli ikaniishia, na dizeli ikiisha si kama petroli, hewa inaingia kwenye mabomba na hata ukijaza tangi haiwaki. Mwendesha baiskeli mmoja alinisaidia kuleta dizeli kwa jerikeni. Madereva wawili wa malori wakasimama, mikono kiunoni, wakingoja kumwokoa mama. Nikafungua boneti, nikalegeza skrubu ndogo juu ya chujio, nikapiga ile pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha na pampu ikawa ngumu. Nikakaza. Nikawasha, ikashika. Wale madereva walipiga makofi, nami nilirudi Kitengela nikiimba, mafuta mpaka kwenye viwiko.

Nilipomsimulia Jumamosi, alifurahi karibu aanguke kilimani. "Sasa wewe ni fundi kuliko mimi!" akasema. Nilifura kama andazi.

Lakini baadaye nikaanza kuona kitu. Pasaka ilipokaribia aliuliza, "Gari iko aje?" Nikasema iko sawa. "Basi acha nije Agosti." Agosti ikafika. "Gari?" Iko sawa. "Basi Desemba, mama, huku kuna chanjo ya mbuzi." Kumbe gari ikiwa nzima, mume hana safari! Jirani yangu wa maziwa aliniuliza mzee atakuja lini, nikajibu kwa ukali kwamba sijui, aiulize gari. Akanimiminia maziwa zaidi ya kipimo.

Miaka miwili ikaisha. Jumamosi hiyo nilivaa gauni zuri kupokea simu. Ndiyo, kupokea simu. Nilijua atakuwa ameambiwa lini anarudi.

"Wameniuliza kama nirudi Kajiado ama niongeze miaka mingine miwili huku," akasema. "Nimeona niongeze. Huku daktari hakuna. Na huko nyumbani naona hakuna shida, wewe umeshika kila kitu. Jumatatu nitawajibu." Halafu, kwa ile sauti laini: "Hebu iwashe nisikie."

Nikaiwasha. Sijui kwa nini, mikono ilikuwa imezoea. Nikafungua boneti, nikaingiza simu. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, bila mlio wa ziada, bila kutetemeka, kwa sababu niliihudumia mwenyewe wiki hiyo. Nikamsikia, sauti ndogo kutoka huko ndani kando ya betri: "Safi! Safi kabisa, mama! Hata mimi singeiweka hivi."

Nikaichomoa simu.

"Iko sawa, eh?"

"Iko sawa sana."

"Basi mimi siko sawa."

"Unasema? Sikusikii vizuri."

"Nasema mimi siko sawa!" Nilipiga kelele mpaka jirani akasimama ng'ambo ya ua na mtungi wake. "Nilijifunza hii gari kwa sababu hukuwepo, si kwa sababu sikukuhitaji! Nakula peke yangu. Mtoto akiwa na homa namkesha peke yangu. Kila Jumamosi naweka simu kwa injini, na hakuna siku umeniambia niiweke kwa kifua changu! Sitaki sifa. Nataka mtu nyumbani, hata kama hii takataka itakufa kesho!"

Injini tu ndiyo ilikuwa ikiongea. Nilidhani mtandao umekatika, na nilianza kuona aibu, mwalimu mzima nalia mbele ya gari.

"Mama," akasema.

"Nini!"

"Zima gari."

Nikashtuka. Nikadhani sikio lake limeshika kitu ambacho mimi sikukisikia. "Kwani imefanya nini?"

"Haijafanya kitu," akasema. "Izime, nikusikie wewe."

Nikageuza ufunguo. Nikakaa kwenye kidaraja cha mlango wa gari, miguu kwenye vumbi, nikamwambia yote tangu ile siku ya stendi, na hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alikuwa bado yuko, nasikia upepo wa kilimani kwake. Na Jumatatu akaenda kuwaambia wakubwa wake kwamba anarudi nyumbani.